Mhuri wa Bwana Afya

Mfyuuu! Nasonya, na leo sijizuii. Hapa kijiweni Bugarama kijana mmoja wa karasha, vumbi la mawe bado limemganda kwenye kope, kauliza swali tu: kama maji ya upako yanaleta dhahabu, mbona anayeyauza hana hata duara moja la kuchimba? Wakamrukia. Kafiri huyu! Apelekwe kwa mtendaji!

Kwa kosa gani, jamani? Tangu lini mtendaji wa kata akapima imani za watu? Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani, hata wa kubadili dini, na inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwenye uhuru wa kuamini anao na wa kutia shaka.

Tena sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tusingepaswa kuchezea moto huu. Mmeisahau Buseresere, hapo Geita? Februari 11, 2013, ugomvi wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje ukamtoa roho Mchungaji Mathayo Kachila. Kitoweo, ndugu zangu! Miezi minne kabla yake, kule Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea. Lilikuwa tusi, sikatai. Lakini watu wazima wakaenda kuchoma makanisa ambayo hayakuwamo kabisa katika ubishi ule.

Hebu tazama paja la ng'ombe linaloning'inia buchani. Lina mhuri. Aliyeugonga kakagua mapafu, kapasua maini, katafuta minyoo. Hapo ndipo serikali inapohusika: nyama isituue. Dua iliyosomwa wakati kisu kinapita ni ya mchinjaji na mlaji wake. Asiyeiafiki anunue bucha nyingine. Kiongozi wa serikali akishaanza kutoa tamko la dini ipi ishike kisu, keshaingia asikoitwa.

Msinielewe vibaya, sisemi kila mdomo uachwe uropoke. Mpiga ramli anapomtaja bibi kizee kuwa mchawi, eti kwa sababu macho yake ni mekundu, macho yaliyoungua na moshi wa jikoni miaka yote, huyo hatoi maoni. Anaagiza mauaji. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi hapo Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Imani kwamba kiungo cha binadamu kinavuta mali haikuota yenyewe kama magugu. Kuna waliokaa wakaihubiri, wakalipwa.

Huo ndio mdomo wa kujibu mahakamani, uwe wa mganga, wa mchungaji au wa shehe. Kwa hiyo ukisikia ramli imemtaja jirani yako, usingoje msiba. Nenda polisi siku hiyo hiyo.