Bia Imeshika Moshi

Jaketi langu linaning'inia dirishani, leo siku ya tatu, na bado linanuka jiko la msibani. Kila upepo ukilipiga naisikia upya sauti ya yule mama mwenye mwavuli mwekundu, akiwatangazia watu kumi na nane nisiowajua, kwa Kiingereza safi na kwa upendo mwingi: "Jamani, rafiki yetu anasema bia imeungua!"

Sikusema imeungua. Nilisema imeshika moshi. Ni mambo mawili, na kila aliyepikia kuni anayajua. Chakula kikiungua, mwenye kosa ni moto. Unakwangua ukoko, unacheka, mnakula. Chakula kikishika moshi, mwenye kosa ni mpishi: kuni mbichi, mfuniko umeachwa wazi, mtu kaenda kupiga soga kwa jirani. Kumwambia mwenyeji chakula chake kimeshika moshi ni kumsema yeye, jiko lake na mama yake aliyemfunza kupika. Ndiyo maana nilinong'ona.

Ilikuwa Bamberg, Ujerumani, mwendo usiofika saa moja kwa treni kutoka Nürnberg. Ziara ya siku moja, asubuhi kiwanda cha bia, mchana majengo ya kale. Aliyeipanga ratiba hiyo hajawahi kutembea juu ya mawe ya barabara za zamani akiwa na lita nzima tumboni.

Tuliingia kwenye ukumbi wenye boriti nyeusi, tukabanana kwenye mabenchi. Juu ya kaunta limelala pipa la mbao, na mhudumu mwenye aproni ya ngozi anafungulia bilula, bia inashuka yenyewe kama maji ya mtungi. Ikanifikia glasi yangu, nusu lita, rangi ya kahawa, povu juu. Nikaileta mdomoni, na kabla haijafika nikawa nimefika mimi: kwetu Uru, jikoni kwa shangazi yangu, mafiga matatu, masizi ukutani, dagaa wanabanikwa, macho yananitoka machozi na mtu ananiambia niinamie chini. Nikaonja. Dagaa walikuwemo. Ukuta ulikuwemo.

Nikawatazama wenzangu. Wanapiga picha glasi zao. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia, kwa mlango wa huruma kama kawaida yake. Nikajiambia: maskini, hawa wamekulia kwenye majiko ya gesi, hawajui. Watainywa hivi hivi na kulipa, na mwenye kiwanda hatajua pipa lake lina kasoro. Humu ndani mwenye elimu ya kuni ni mimi peke yangu.

Nikamfuata mama wa mwavuli, aliyekuwa akituongoza, nikamwinamia sikioni, nikamweleza kwa adabu zote kwamba nadhani bia hii imeshika moshi, bila shaka ni bahati mbaya, na sitaki kumwaibisha mtu. Akanitazama kidogo. Akamwita mhudumu, akasema naye kwa Kijerumani. Yule bwana akaichukua glasi yangu kwa mikono miwili, uso umemkaza kama mpokea rambirambi, akaenda nayo, akarudi na nyingine. Nikaonja, ukumbi mzima sasa ukinitazama.

Hii ilikuwa na moshi kuliko ile ya kwanza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikairudisha.

Ndipo tangazo likatoka. Wakacheka wenzangu, wakacheka wazee wa mji waliokuwa wanakunywa zao pembeni, mmoja akapiga meza mpaka kofia ikamwanguka. Mama akanigeuza taratibu kwa mabega kama mtoto wa chekechea, nikaona ukuta niliokuwa nimeupa mgongo. Pameandikwa *Rauchbier*, kwa herufi kubwa kama za bango la mgombea udiwani. *Rauch* ni moshi. Bia ya moshi. Ndiyo iliyowaleta watu wote mle, wengine kwa ndege.

"Na wewe unatoka wapi?" akauliza, kunipoza.

Ningeweza kusema Tanzania nikaishia hapo. Ningeweza kusema Kilimanjaro. Nikasema Moshi. Kisha, kwa hiari yangu, bila kushikiwa fimbo, nikawaeleza neno hilo lina maana gani kwa Kiswahili.

Tangu saa nne na nusu asubuhi hadi jioni sikuwa na jina lingine. Nilikuwa Bwana Moshi wa kutoka Moshi asiyetaka moshi.

Sasa niseme ukweli unaoniuma kuliko kicheko: jambo lenyewe ni zuri mno, na laiti ningelikuta kimya kimya ningelipenda siku ile ile. Walitupeleka nyuma kutueleza kimea. Kimea ni kile kile unachokijua cha ulezi, ila chao ni cha shayiri. Punje inalowekwa siku mbili tatu, inadhani masika yamefika. Inaamka. Inaanza kufungua ghala lake la wanga ili mche upate sukari ya kukulia, inatoa kimizizi cheupe, ina mipango mingi. Wiki moja hivi inaachwa iendelee na mipango hiyo, huku ikigeuzwa geuzwa isishikane. Halafu, ghala likiwa limeshafunguliwa na mche haujapata kula, inatiwa kwenye joto na inakufa. Sukari ile ndiyo tunayokunywa. Nimekunywa bia miaka mingi bila kujua kwamba ni urithi wa marehemu aliyedhulumiwa.

Siri iko kwenye joto lile. Zamani za Ulaya njia iliyo rahisi ya kukausha kimea ilikuwa kukitandaza juu ya kichanja chenye matundu na kuwasha moto chini. Moshi haukuwa na kwa kupita isipokuwa katikati ya punje, na punje bado mbichi, ina unyevu, inaunasa moshi kama mtandio unavyonasa ubani. Kwa hiyo bia nyingi za kale zilikuwa na moshi, watu wapende wasipende. Baadaye zikaja tanuri ambamo moto unakaa upande wake na hewa ya moto tu ndiyo inayogusa nafaka, na taratibu dunia ikasahau kwamba bia iliwahi kunuka jiko. Bamberg kuna viwanda viwili vya familia ambavyo havikusahau. Bado vinakausha kimea chake vyenyewe juu ya moto wa kuni, moshi unapanda, unapita, unabaki.

Mwaka 1489 askofu aliyetawala mji huo aliamuru bia ipikwe kwa kimea, hopsi na maji tu, miaka 27 kabla ya ile amri ya Bavaria ya 1516 inayojulikana zaidi. Moshi haukutajwa. Ungetajwa vipi? Nani anayeandika kwamba chakula kipikwe sufuriani na kisha kiliwe kwa mdomo?

Halafu kuna hili, nililoliuliza mara mbili nikihakikisha sitaniwi. Wanayo bia nyingine, nyeupe, nyepesi, isiyotiwa kimea cha moshi hata punje moja, na bado ina moshi kwa mbali, kwa sababu imepitia vyombo vile vile na hamira ile ile. Ni kama chai iliyopikwa kwenye sufuria ya dagaa. Kwetu sufuria hiyo humtoa mke nyumbani kwake. Kwao ni aina nyingine ya bia, ina lebo yake.

Na hapa ucheshi wangu unaanza kuchacha.

Shangazi yangu anapika mbege. Ulezi wake anauloweka, anaufunika kwa majani ya migomba uchipue, anauanika juani, anausaga. Ndizi mbivu anazichemsha kwa kuni pipa zima, anaziacha siku kadhaa zichachuke, anachanganya na uji wa ulezi, anatia ganda la msesewe ili iume kidogo. Ni kazi ya wiki nzima, na asipoamka usiku kutazama moto inaharibika. Nimemwona akitumia pua kama daktari anavyotumia kipimo. Hajawahi kumuuzia mtu tiketi ya kuingia jikoni kwake. Wanaoingia bila kubisha hodi ni bwana afya na mwenye kitabu cha ushuru. Na ukitaka kujua neno lenyewe lina heshima gani kwetu, tulitunga sheria mwaka 1966 yenye jina hilo hilo, Sheria ya Moshi, na haihusu mji wala moto: moshi wa humo ni gongo.

Kule Bamberg, tulilipa. Tulisimama foleni kuliona rundo la kuni.

Ningependa lawama niitupe mbali, lakini kuna harusi moja ya binamu yangu ambayo imekuwa ikinijia usiku tangu nirudi. Bia za chupa zilikuwa meza kuu na kote chini ya turubai. Mbege ya shangazi ilikuwa nyuma ya jiko, ndani ya pipa la plastiki, kwa ajili ya wazee. Aliniletea kata mwenyewe, mbele ya wakwe waliotoka Dar. Nilionja kwa ncha ya mdomo. "Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kusikika, "hii imeshika moshi." Wakwe wakacheka. Akaipokea kata kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu," akasema.

Basi, majengo.

Jumba la zamani la baraza la mji limejengwa katikati ya mto Regnitz, si ukingoni, katikati, kwenye kisiwa kidogo kilichokumbatiwa na madaraja. Wenyeji husimulia kwamba askofu alikataa kuwapa raia hata kipande cha ardhi kwa ajili ya baraza lao, nao wakaenda kupigilia magogo mtoni, mahali ambapo hapakuwa ardhi ya mtu, wakajenga hapo. Nimeishi na wenyeviti wa mtaa wa kila aina, na hadithi hiyo naiamini hata kama haikutokea. Upande mmoja wa jumba kuna kijumba cha mbao kinachoning'inia juu ya maji kama mtu aliyekalia ukingo wa kitanda cha wageni. Kuta za jumba lenyewe zilichorwa mwaka 1755 na Johann Anwander, nguzo za uongo na madirisha ya uongo, na malaika mdogo ambaye mwili wake ni rangi tupu lakini mguu wake ni wa kweli, umechomoza nje ya ukuta, mnene, unyayo hewani. Nilirudi nyuma hatua moja niupige picha vizuri, kisha ya pili. Ya tatu ilikuwa ya baiskeli ya bibi mmoja aliyebeba mayai.

"Bwana Moshi," mama wa mwavuli akaita huku akiokota maganda, "huku hakuna moto, usikimbie!"

Kanisa kuu: liliwekwa wakfu mwaka 1012, likaungua mara mbili (kila mtu akanigeukia), hili la sasa ni la 1237. Ndani yake amezikwa Papa Klementi wa Pili, na kwenye nguzo kuna mpanda farasi wa jiwe ambaye hakuna ajuaye kwa hakika ni nani. Wengine husema ni Mfalme Stefano wa Hungaria. Karibu miaka mia nane yuko juu ya farasi wake, na amenyamaza. Angejitambulisha mara moja tu, angekoma.

Bustani ya mawaridi: nilikaa juu ya benchi lililopakwa rangi.

Kisha wakasema twende *Keller*, yaani pango la kuhifadhia bia, nami nikazunguka kilima nikitafuta mlango wa kushukia hadi nikachanika suruali, kumbe mapango yako chini na wanywaji wanakaa juu yake, chini ya miti iliyopandwa ili udongo usishike joto.

Nikachelewa treni.

Jana nilimpigia shangazi. Sikuwa na nia ya kumwambia. Nilitaka kumsalimu tu. Lakini "shikamoo" ilipokwisha na "marahaba, mwanangu" ikapita, nikajikuta nimeyamwaga yote: pipa, mhudumu, glasi ya pili, jina nililopewa. Harusi sikuitaja. Alinisikiliza hadi mwisho, na hakucheka mahali popote.

"Wanakausha kimea chenyewe kwa moshi?" akauliza. "Si kwamba moshi unaingia kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi, shangazi."

Kimya. Nilisikia kuku upande wake.

"Kuni gani?"

"Kuna mti wao, wanauita Buche."

"Kavu au mbichi? Wanaziacha muda gani kabla ya kuwasha?"

Nikafungua mdomo. Yule mama aliyaeleza hayo kwenye rundo la kuni, nakumbuka alivyokuwa akielekeza kwa mwavuli. Lakini wakati ule mume na mke wa Kanada walikuwa wamenibana pembeni wakitaka kujua nimepanda Kilimanjaro mara ngapi, nami nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia sijapanda hata mara moja.

"Sikusikia vizuri, shangazi."

"Umekwenda huko kote," akasema, "umerudisha bia ya watu mara mbili, na kuni hukuuliza?"

Akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga tena, akataka nimtafutie namba ya simu ya kiwanda.