Kanzu Nyeupe Katika Nchi ya Ndege

Sisi watu wa Amu, tangu zamani za kivuko hata zama hizi za daraja, tumeijua Garsen kuwa ni mahali pa kushuka basi, kunywa chai ya rangi kwa haraka na kuulizana kufika Malindi kumebaki saa ngapi; wala haikupata kunipitikia kwamba wako watu wenye akili timamu wanaovuka bahari kusudi washuke papo hapo nipangusapo miwani yangu vumbi, ili watazame ndege.

Aliyenitoa katika ujahili huo ni swahibu yangu mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye tangu aachane na chaki hawezi kuona kitu chenye mabawa asikihesabu. Alinieleza kwa ufasaha kwamba delta ya Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar, ule mkataba wa mataifa wa kuhifadhi ardhi za majimaji, na kwamba eneo lake ni hekta 163,600. Nami, kwa kuwa sikupata kumsikia mtu akijifakhiri kwa matope mengi kiasi hicho, nikakubali kufuatana naye walau nikayaone.

Nimelelewa ya kwamba mtu akialikwa huvaa kanzu, na kwa kuwa nilialikwa, nilivaa kanzu: nyeupe, ya darizi, iliyopigwa pasi usiku ule ule, pamoja na viatu vyeusi vya ngozi. Alfajiri, kiongozi wetu, kijana wa Kipokomo aliyevaa nguo za rangi ya majani makavu, alinitazama kwa adabu kutoka kofia hata nyayo, akasema, “Shekhe, ndege watakuona.”

“Vyema, mwanangu,” nikamjibu, “nami nitawaona wao, tutakuwa tumeonana.”

Akanyamaza, kama wanyamazavyo vijana waliolelewa vizuri.

Tukashika njia ya ukingoni upande wa Idsowe. Ulikuwa mwezi wa Disemba, na mto ulikuwa umefurika siku chache kabla, japokuwa hapo Garsen hapakuwa na wingu hata moja, maana Tana ina ada ya kuwaletea watu wa chini habari za mvua zilizonyesha mbali huko Aberdare na Mlima Kenya. Wapokomo huyangoja maji hayo kwa ajili ya mashamba yao, Waorma hungoja yashuke wapate malisho. Katika safari nzima mimi peke yangu ndiye sikuwa na faida nayo. Hatua ya arobaini na tatu (Mwalimu ndiye aliyekuwa akihesabu) mguu wangu wa kushoto ulitoka matopeni, kiatu kikabaki. Tulichokoa kwa upondo, tukachimba kwa mikono, tukampata kambare mdogo aliyeghadhibika sana, kiatu hatukukipata. Mwalimu akaniusia nivue na cha pili, nikakataa katakata, kwani mwenye kiatu kimoja bado ana nusu ya heshima.

Basi kwa hali hiyo, nikichechemea na kuburura mguu, nikaingia katika malisho ya ng'ombe wa Waorma. Palikuwa na yangeyange wengi, na ndege huyu, kama ujuavyo, humwandama ng'ombe ili adake panzi wanaoruka kwato zinapogusa nyasi. Kumbe kwa mwendo ule wangu nilikuwa nikirusha panzi kuliko fahali yeyote. Alinijia mmoja, kisha wanne, mwisho wakatimia kumi na saba, wote weupe kama mimi, wakanifuata nyuma taratibu kama watu watokao maulidini. Mwalimu, aliyekuwa amekodoa macho ndani ya darubini yake akitafuta ndege wa mbali, alinihusudu waziwazi. Mchungaji mmoja, mzee mrefu, akaegemea fimbo yake, akamwambia kiongozi wetu maneno machache kwa Kiorma, na wote wawili wakageuza nyuso. Niliposhikilia nitafsiriwe, nikaambiwa mzee ameuliza kama ninauzwa.

Mwalimu akataka kuniliwaza kwa habari za Mjerumani Gustav Fischer, aliyeupanda mto huu mwaka 1878, na ambaye jina lake amepewa ndege mmoja wa kijani mwenye mabawa mekundu. Nikamuuliza kama Bwana Fischer alivaa kanzu. Akasema anadhani hapana.

Jioni, penye matete, kijana akatuinamisha ghafula, akaonyesha kidege cha rangi ya udongo ambacho nyumbani nisingekigeukia. Mwalimu alitetemeka. Akaninong'oneza kwamba huyo ndiye ndege wa Basra, atagaye katika mabwawa ya Iraki na kuja huku kuikimbia baridi. Basra! Mababu zangu walisimama pwani kungojea majahazi ya tende kutoka huko kwa pepo za kaskazi, na majahazi hayo yamekwisha. Kumbe yuko msafiri mmoja ambaye hajakatiza, yuaja mwaka kwa mwaka pasi na nahodha wala ushuru. Nikasimama wima na kanzu yangu, nikamtolea salamu kwa sauti, kama impasavyo mgeni aliyetoka mbali.

Akaruka. Mwalimu hakusema nami hata tulipoipita Witu.

Nawe msomaji, ukipita upande wa Idsowe maji yakisha kupungua, ukakiona kiatu cheusi cha ngozi, namba 8, cha mguu wa kushoto, tafadhali usikitupe. Cha kulia ninacho.