Kutafuta Utulivu kwa Kampavani

Kampavani ni vani iliyowekewa kitanda cha kukunja, jiko la gesi la vichomeo viwili, sinki ndogo na makabati yanayojifungua kila penye kona. Sifa hii ya mwisho haimo katika vipeperushi vya wauzaji, lakini hakuna mwenye kampavani nchini Uingereza asiyeijua. Ingawa gari limetengenezwa watu walale ndani yake, wengi hulitumia zaidi kwa matembezi ya siku moja: familia hutoka mjini asubuhi, huenda mashambani kutafuta mahali patulivu penye mandhari nzuri, hunywa chai, kisha hurudi kabla ya giza. Asubuhi inayozungumzwa hapa ni saa tano na nusu.

Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1885 William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa Jeshi la Majini kabla ya kugeukia kuandika hadithi za vijana, alitengenezewa mjini Bristol nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na farasi wawili. Akaiita The Wanderer, akaipandisha hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland, pamoja na mwendesha farasi, mbwa mkubwa na ndege wa jamii ya kasuku. Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya wapita njia kwamba nyuma inakuja nyumba. Injini ilikuja baadaye. Volkswagen ilianza kuunda vani yake maarufu mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuiwekea vifaa vya kambi. Ndiyo kombi ile ile ambayo Afrika Mashariki iliwabeba watalii mbugani. Uingereza nayo ikapata mafundi wake wa kuigeuza. Katika mageuzi yote hayo hasara ilikuwa moja: yule mtu wa baiskeli aliondolewa, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Kazi ya kwanza ya siku ni kupakia. Kwa matembezi ya saa sita hupakiwa viti vya kukunja, gambuti, makoti ya mvua, mablanketi, mpira, kamba ya mbwa, mbwa mwenyewe, na mafuta ya kujikinga na jua, ambayo yatarudi kizibo chake hakijaguswa. Mwisho huja mayai. Haya huwekwa katika kabati la juu kwa kuwa ndipo penye nafasi, na hukaa humo salama hadi kipilefti cha kwanza. Uingereza inavipenda sana vipilefti. Mjini Swindon kuna kimoja cha mwaka 1972 ambacho kwa kweli ni vipilefti vidogo vitano vilivyouzunguka mduara wa katikati, na katika mduara huo magari huenda kinyume na kawaida. Dereva mzoefu hukipita bila wasiwasi. Sufuria isiyofungwa hukipita pia, ila kwa njia yake.

Baada ya mayai huja mlio. Ni kijimlio cha chuma, cha kuja na kwenda, kinachosikika gari likitembea tu. Vijiko huviringishwa kwa taulo. Vikombe huvishwa soksi. Birika hupakatwa. Mlio unaendelea. Gari likisimamishwa kando ili chanzo kitafutwe kwa makini, mlio nao husimama, kwa hiyo uchunguzi hauna pa kuanzia. Mara nyingi mkosaji ni wavu wa griili ndani ya jiko, lakini hilo hugunduliwa baada ya wiki kadhaa, wakati bwana na bibi wameshashutumiana kwa mengi yasiyohusu vyombo.

Mashambani kwenyewe, kinachompima mtu ni barabara. Katika mikoa ya Devon na Cornwall njia nyingi zimebanwa na kingo za mawe na udongo zilizooteshwa michongoma juu, ndefu kuliko gari, na upana unaobaki katikati ni wa gari moja. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hatababaika kuhusu upande, kwani Uingereza nako huendeshwa kushoto. Taabu ni kwamba kulia hakupo. Ndiyo maana hapa na pale pamechongwa nafasi za kupishana. Kanuni za barabarani zimesema wazi: nafasi ikiwa kushoto kwako, ingia, ikiwa kulia, simama usawa wake umwachie mwenzako aingie, na anayepanda mlima apishwe. Hazikusema la kufanya pale madereva wawili wanapokuwa na adabu sawasawa. Kila mmoja hurudi rivasi kumpisha mwenziwe. Wakishapoteana kwenye kona, kila mmoja hudhani njia ni nyeupe, wote huja mbele, na hukutana palepale pa mwanzo. Hatimaye mmoja hupita, na hapo ni wajibu ainue mkono, au walau kidole cha shahada kutoka kwenye usukani, kushukuru. Asiyeinua husemwa ndani ya gari lile jingine hadi mkoa wa pili.

Wanaopotea zaidi ni wafuasi wa simu, maana simu hupenda njia fupi na haijui uzito wa sinki. Inaweza kuwapitisha Hardknott, mkoani Cumbria, ambako Warumi walijenga ngome na ambako mwinuko wa barabara unafika asilimia 33. Hapo abiria wa mbele haoni kitu ila anga, na klachi hutoa harufu ambayo mwanzoni husingiziwa mbwa. Inaweza pia kuwapeleka Bealach na Bà, huko Scotland, njia nyembamba inayopanda hadi mita 626 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna bango linalowashauri wanaojifunza udereva, magari makubwa mno na wanaovuta nyumba za magurudumu wasithubutu. Kampavani haikutajwa, na wenye nayo huuchukua ukimya huo kama mwaliko.

Anayefika salama hulakiwa na chuma. Maegesho mengi ya ufukweni na kandokando ya maziwa yamewekewa mlangoni fito ya kuzuia magari marefu, mara nyingi kwenye kimo cha mita mbili au kuzidi kidogo. Kampavani za paa la kuinuka zimeundwa zipite chini yake, na zingepita kama si baiskeli zilizofungwa juu. Dereva hushuka. Huitazama fito, hulitazama paa, hurudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja. Mkewe husema inapita. Mtu anayetembeza mbwa, ambaye hakuulizwa, husema haipiti. Kati ya hao watatu mwenye mbwa ndiye huwa sahihi, na ndiye husikilizwa mwisho.

Kuhusu utulivu wenyewe, Waingereza wameufanyia kazi ya dhati. Shirika la CPRE, linalotetea mashamba ya England, lilichora ramani ya utulivu wa nchi mwaka 2006, na Northumberland ikashika nafasi ya kwanza. Ni kweli kwamba huko ni vilima vitupu, kondoo na mbingu pana, na giza lake la usiku linalindwa rasmi tangu 2013. Hata hivyo karibu robo ya hifadhi ya taifa ya mkoa huo ni uwanja wa mazoezi wa jeshi, Otterburn, na jeshi hufanya mazoezi kwa mizinga. Wales nako, karibu na Dolgellau, kuna mabonde ya kuvutia mno ambayo marubani wa ndege za kivita huyatumia kujifunza kuruka chini chini. Hupita chini kiasi kwamba mtu aliyeketi mlimani na chupa yake ya chai humwona rubani kwa kumwinamia. Utulivu wa kabla ya hapo, na wa baada ya hapo, ni wa daraja la kwanza.

Lakini adui mkuu wa utulivu si jeshi. Ni kampavani ya pili. Hata uwanja uwe na nafasi ya magari arobaini na liwepo moja tu, pembeni kabisa, litakalofuata litasimama ubavuni mwake, mlango kwa mlango. Wenye tabia hiyo si wakorofi. Wanaamini aliyetangulia anapajua pasipo na tope. Aliyetangulia alisimama pale kwa sababu magurudumu yalikataa kwenda mbele zaidi, na jioni wote wawili watavutwa na trekta moja, ya mkulima ambaye hatasema neno lakini atatazama saa.

Kiini cha siku nzima ni chai. Kwa vile hakuna mahali katika Uingereza palipo mbali na bahari kupita takriban maili 70, kampavani nyingi huishia pwani, zimepangwa mstari, pua zote zikielekea majini. Jambo la kushangaza kwa mgeni ni kwamba hakuna anayeshuka. Kumetoka watu umbali wote huo kuja kuitazama bahari kupitia kioo. Bibi hubandika birika. Bwana hufungua dirisha sentimita mbili mvuke utoke, na mvua huingia kwa kipimo hicho hicho. Kioo cha mbele hushika ukungu kwa ndani na matone kwa nje. Kila baada ya dakika chache waipa hupitishwa mara moja. Bahari huonekana, vichwa viwili huitikia, bahari hufutika.

“Unakiona kile kisiwa?” huuliza bibi.

“Nakiona,” hujibu bwana, ambaye haoni kitu.

Chai yenyewe ni ya kifuko, na maziwa yake ni baridi, humiminwa mwishoni. Sehemu kubwa ya majani imetoka Kenya, safari yote hiyo, ije ikose tangawizi na iliki. Mtu aliyelelewa Lamu angeihesabu kuwa ni maji ya moto yenye nia njema. Wanaoinywa, kwa haki yao, huonekana wameridhika kabisa, na hakuna ushahidi kwamba jua lingewaongezea chochote. Anayeshuka kununua chipsi ndiye hujuta. Shakwe wa miji ya pwani kama St Ives hawaombi. Huja kwa nyuma, huchukua, na kurudi juu ya paa kula mbele ya mwenyewe.

Mvua haihitaji maelezo marefu. Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na ndiko watu huenda kupumzika. Scotland ina namna yake: siku isiyo na mvua wala upepo, kuanzia Mei hadi Septemba, ni siku ya visubi. Wadudu hawa wadogo hufuata pumzi ya mtu na hushindwa kuruka upepo ukivuma, kwa hiyo mandhari tulivu ya ziwa lisilo na wimbi, ile ya kwenye kalenda, ndiyo hasa ya kukimbiwa.

Maji ya bahari yana hesabu yake peke yake. Kisiwa cha Lindisfarne, Northumberland, hufikiwa kwa barabara inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Nyakati salama zimebandikwa njiani, zimo katika intaneti, na pana bango lenye picha ya gari lililozama. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuuliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kushusha ngalawa, angesoma jedwali akangoja. Watu wa bara huitazama barabara, huiona kavu, na kuondoka. Kila mwaka kuna wanaookolewa, wengine wakitolewa katika kibanda kilichojengwa juu ya nguzo kwa ajili yao hasa. Kampavani hubaki chini, na mara hii makabati yake yana sababu ya kufunguka.

Jua likizama, wengi hujiuliza kwa nini wasilale palepale, maana kitanda kipo. Kinachozuia ni sheria. Ardhi karibu yote ina mwenyewe, na England haina haki ya jumla ya kulala garini popote mtu atakapo. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inaruhusu watu kutembea na kupiga kambi kwa uungwana katika ardhi ya wengine, lakini haihusu magari. Kuhusu Dartmoor, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2025 kwamba umma una haki ya kupiga hema nyikani humo. Kampavani si hema, hata paa lake likiinuliwa. Kwa hiyo mlinzi wa maegesho hugonga kioo, huomba radhi mara mbili, na familia hufunga viti. Paa husahaulika likiwa juu, hadi gari la nyuma lipige honi.

Kazi ya mwisho huangukia Novemba. Kabla ya baridi kali, maji yote sharti yamwagwe kutoka tangini, kwenye pampu na katika mabomba, kwa sababu yakiganda hutanuka na kupasua kila kinachoyashika. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Huahirishwa hadi Jumamosi inayofuata, na Jumamosi hiyo hunyesha. Ifikapo Machi, katika matembezi ya kwanza ya mwaka, bibi hufungua bomba ajaze birika, na maji hutoka chini ya sinki, nyuma ya jiko na juu ya mbwa, kila mahali isipokuwa bombani.