Utepe Haupitishi Umeme

Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, nyanya na vitunguu vimepangwa vya kutosha basi zima. Kisichotosha ni uzima wa waya wa rimoti ya kamera ya mpiga picha wetu.

Umekatika pale pale nyaya zote hukatikia: shingoni mwa pini, kwa kukunjwa na kusokomezwa mfukoni kila siku. Lakini picha zisipotoka, mwenyewe ana maelezo. Mara bibi harusi kafumba macho, mara wingu, mara shangazi wa bwana harusi kasimama vibaya. Rimoti? Thubutu! Hiyo ni nzima, imezungushiwa tu utepe mweusi, mara saba, hadi imenenepa kama kitunguu.

Kaka, ndani mna nyaya tatu tu: wa pamoja, wa kulenga na wa kupiga. Ukibonyeza nusu, wa kulenga unagusana na wa pamoja. Ukibonyeza mpaka mwisho, wa kupiga nao unajiunga. Basi. Fundi redio yeyote atapima kwa mita, atakata kipande kibovu na kuunga kwa risasi, chai yako haijapoa. Utepe haupitishi umeme. Ungepitisha, wewe ungekuwa bwawa la umeme la Mtera.

Kwa fundi hataki, eti atamharibia kifaa. Haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila hapa wanaoumbuka ni maharusi wa watu, wasio na hata picha moja ya keki.