Shajara ya Gari Lisilonguruma

Jumatatu. Umeme wa gari umekwisha. Wa nyumba pia umekwisha, kwa kuwa ni uleule. Nimekwenda kwa wakala wa LUKU hapa Tarime mjini. Foleni, na mtandao unasuasua. Aliyenitangulia alikuwa akituma pesa huku akigombana kwa simu na anayetumiwa. Zamu yangu ilipofika, kodi ya jengo, shilingi 1,500 ya mwezi, ilikatwa kwanza. Jengo halijaenda popote.

Ijulikane kwamba kabla ya gari tulikuwa wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Taa, redio, pasi. Sasa tuna Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, toleo la mwanzo, ambalo betri yake ilipokuwa mpya ilikuwa ya uniti 24. Tumepandishwa daraja bila sherehe. Elfu kumi, iliyokuwa ikitupa uniti zaidi ya 80, sasa inatupa kama 28. Mke wangu hajasema neno. Anapiga pasi nguo zake tu.

Jumanne. Waya wa kuchajia unapita dirishani. Kwa hiyo dirisha halifungi, kwa hiyo mbu wanaingia. Saa mbili usiku jirani alikuja na simu za nyumba nzima. "Mwalimu, wewe si ndiye mwenye umeme? Nichomekee na hizi." Nikazichomeka. Saa nne umeme ukakatika mtaa mzima. Simu zilikuwa zimeshajaa.

Jumatano. Kila nikiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani hunisemesha kutoka kwenye dashibodi. Nimeelezwa kwamba anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Sina.

Njiani nikakuta kundi la ng'ombe. Ng'ombe wa Ukuryani humpisha mwenye kishindo, na gari langu halina kishindo. Nikapiga honi. Mmoja akageuka, akanitazama kwa muda wa kutosha, akaendelea kucheua. Mchungaji, kijana wa rika la mjukuu wangu, akanijia dirishani kwa adabu zote. "Tata, washa gari kwanza." Nikamwambia limewaka tangu nyumbani. Akainamisha sikio kwenye boneti, akasikiliza, akanionea huruma.

Alhamisi. Vijana wa kuosha magari wamegoma. "Mzee, hiyo itatupiga shoti." Nikawaeleza kwamba hata mvua hulinyeshea. "Mvua haina watoto wa kulea," akajibu mmoja. Wakaosha matairi kwa mbali, kwa bei kamili.

Kisha nikaenda kwa fundi, kubadilishiwa balbu ya taa ya mbele. Fundi akafungua boneti akatafuta injini. Akaita wenzake nao wakaitafuta. Bodaboda wakahama kijiweni, mama wa chapati akaacha moto. Ikabidi nitoe mhadhara juu ya mota na betri, pamoja na maswali na majibu. Balbu haikuguswa. Nimelipa elfu tano ya kuangaliwa.

Ijumaa. Mvua kutwa, sikutoka. Umeme haukukatika hata kidogo.

Jumamosi. Shemeji amepiga simu kutoka Mugumu. Kesho wanapokea ng'ombe wa mahari, nami niwepo, na gari liwepo. Kutoka Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo ni kilomita kama 87. Nikamweleza kwamba gari langu ni la mtaani: hunitoa Bomani hadi sokoni na kunirudisha, basi. Shemeji akahoji mbona kampuni moja ya utalii ilianza kutembeza wageni mbugani kwa gari la umeme tangu 2018. Ni kweli. Lakini gari lile lina pa kuchajia. Nyamongo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu. Soketi ya kunihifadhi sijaiona.

Jumapili. Nimekwenda kwa mchomoko. Siti ya mbele tulikaa wawili, mimi upande wa gia. Kila dereva alipotafuta gia aliomba radhi kwa goti langu. Ukweni nimeulizwa gari liko wapi kabla ya kuulizwa hali. Nimerudi usiku, nikakuta jirani amelilinda gari siku nzima, na simu zake zote zikiwa kwenye chaji.

Ndugu msomaji, ukipita Bomani ukaona waya mweusi umetoka dirishani, tafadhali uruke. Usiuchomoe. Ukiwa na simu ya kuchaji, subiri hadi Jumatano, nafasi zimejaa.