Sifa za Kobe Mwenye Uchungu

Majemedari wamesifiwa, na mabibi wenye jamali wamesifiwa hata wakachoka kusifiwa. Lakini kobe jike anayefugwa uani mwa nyumba ya Lushoto, ambaye siku zake za kutaga zimewadia, hajapata mshairi, na dhuluma hiyo imedumu mno. Al-Jahidh wa Basra, aliyetunga katika karne ya 9 kitabu kirefu juu ya wanyama, hakumdharau hata mdudu, akiona hikima ya Muumba katika kiumbe kidogo sawasawa na katika kikubwa; nasi tukijifunika joho lake, nani atatucheka?

Bibi huyu, kwanza, hakuomba kuja. Asili yake ni nyika kavu za Mombo na Mkomazi, chini ya milima, na aliyempandisha kwa ile barabara ya kona nyingi ipitayo Soni, hata kufika kimo cha mita 1,400, hakumwuliza rai yake. (Wala yamkini hakuiuliza Serikali, ambayo sheria zake zataka kibali kwa mwenye kufuga mnyama wa porini, hilo na tulipite tukiinamisha macho.) Huku juu alikuta ukungu wa Julai, udongo mwekundu mzito, na kabichi. Kabichi alizikubali.

Akikaribia kutaga, husita kula, akazunguka ua, akagonga ukuta, akanusa ardhi, akachimba kidogo hapa akaghairi, akachimba pale katikati ya tuta la karoti akaghairi tena. Na mwenye nyumba, ambaye jana alijihesabu kuwa bwana, amegeuka hadimu. Huagiza mfupa wa dome kutoka pwani ya Tanga, akausaga ili maganda ya mayai yapate chokaa. Humwogesha kwa maji vuguvugu katika beseni la kufulia. Huchota mchanga wa mtoni auchanganye na udongo, kwa kuwa huu wetu ukikauka hauchimbiki. Na baada ya kutimiziwa hayo yote, mahali penye jua pakiwa pametengenezwa kwa taadhima, kobe huenda kutaga chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Wahenga walisema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Nami sijui baraza litungalo kwa adhama kama yake wakati huo. Huchimba kwa miguu ya nyuma, shimo asilione, akitoa udongo kidogo kidogo, na ardhi ikiwa ngumu huilowesha kwa maji ya kibofu chake mwenyewe. Mayai, meupe na ya mviringo, huteremka moja moja. Kisha hufukia, akainua mwili na kuuangusha juu ya udongo hata ushindilike, asiyekuwapo asitambue kwamba pamewahi kuguswa. Mwenye huruma anayemsogelea na koleo, au kummulika usoni kwa tochi, humfanya aiache kazi na kuondoka na mzigo wake. Na mayai yakikawia mno tumboni yaweza kumwua, ndipo dua na beseni havitoshi, aitwe daktari wa mifugo. Basi msaada mkubwa kuliko yote ni kukaa mbali, na hiyo ni ibada ngumu kwa watu wa nyumba yetu.

Akimaliza, huenda zake pasipo kugeuka. Hatamkumbusha mwanawe hata siku moja uchungu wa kumzaa. Mimi nauita ukarimu, majirani wana jina jingine.

Lililobaki ni baridi. Yai la kobe halina joto ila lile la ardhi, na hata nyikani huweza kukaa miezi 8 au kupita mwaka. Tena joto ndilo liamualo jinsia, likizidi huzaa majike, likipungua madume. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao wa kwanza waliletwa Unguja kutoka Shelisheli mwaka 1919, mchanga wa pwani haukuwanyima kizazi. Udongo wa Lushoto wakati wa kipupwe hauna jamala hiyo. Kwa hiyo mayai hufukuliwa taratibu, kila moja likatiwa alama ya penseli upande wa juu, kwani kijusi kikishashika ganda, kulipindua yai kwaweza kukiua. Yakalazwa mchangani ndani ya beseni, na kuteremshwa kwa basi hata Mombo, kwa jamaa mwenye ua wa jua, beseni likipakatwa katika kila kona. Utingo akidai nauli ya abiria ambao hawajazaliwa, alipwe bila ya kujadiliwa.