Shangazi wa Buluu

Programu ya mishahara ikikosea, hesabu hazifungi, na kabla ya saa nne asubuhi mhasibu ameshakupigia simu. Programu ya picha haina staha hiyo. Hesabu zake hufunga vizuri kabisa hata pale bibi harusi anapotoka na uso wa rangi ya wino. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba kuanzia 0 hadi 255, na namba hazina shangazi, wala mjomba, wala mama mkwe. Wenye mashangazi ni sisi.

Haya niliyaona vizuri kwenye harusi ya binamu yangu. Kamati ya harusi ilikuwa imeshagawa fedha kwa ukumbi, chakula, mapambo na mshehereshaji, ndipo ikabainika kwamba fungu la mpiga picha limeliwa na keki. Mwenyekiti akauliza kama ukoo mzima umekosa kijana wa kompyuta. Shingo zote zikageukia upande wangu. Kijana wa kompyuta, kwa desturi ya ukoo wetu, ndiye anayefufua printa na kumrudishia bibi nenosiri lake alilolisahau. Sasa akawa pia ndiye wa kukusanya picha na video kutoka simu za wageni na kuzitoa zikiwa albamu moja na video moja ya kumbukumbu. Kazi inayonilisha ni kuandika programu za kuhesabu mifuko ya saruji ghalani. Lakini kikao kilikuwa kimekaribia kufika kwenye pilau, na mtu wa kuchelewesha pilau kwa kubishana sikumtaka awe mimi.

Harusi ikafanyika, na picha zikaanza kuingia usiku uleule. Kuzifungua moja moja na kuzitengeneza kwa mkono ilikuwa kazi ya kuzeekea, kwa hiyo nikaandika programu fupi kwa Python: isome kila picha kwenye folda, iing'arishe kidogo, iipunguze ukubwa, iihifadhi. Ukiyasema kwa mdomo ni maneno manne tu.

Tuanze na kusoma. Nilitumia OpenCV, maktaba ya programu iliyoanzia Intel mwaka 1999 na ambayo leo imo katika vitu vingi vyenye kamera na akili kidogo. Ina tabia moja ya kipekee: ukiiagiza isome faili ambalo halipo, haisimamishi kazi. Inakurudishia None, yaani si kitu, na kuendelea. Ni kama mtoto uliyemtuma sukari akakuta duka limefungwa, akarudi kimya na kwenda zake kucheza. Utajua habari hiyo wageni wakishashika vikombe. Na majina ya mafaili kutoka kwa ndugu unayajua: “bi harusi mwisho mwisho kabisa (2).JPG”. Kwenye Linux, .JPG ya herufi kubwa na .jpg ya herufi ndogo ni watu wawili wasiofahamiana. Programu ikafa mistari mitatu mbele, ikilalamikia rangi. Nani angeshuku herufi kubwa?

Majina yakanyooka, picha zikasomeka, nikazihifadhi kwa maktaba nyingine iitwayo Pillow, nikarusha sampuli chache kwenye grupu la familia. Simu ya kwanza ilikuwa ya shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Mwanangu, nimekufa?”

“Hapana, shangazi.”

“Basi mbona umenipaka buluu?”

Nikafungua picha. Shangazi alikuwa wa buluu, kweli, na si yeye peke yake. Meza kuu yote ilikuwa ya buluu na ilikuwa inacheka. Kilichonishangaza zaidi ni vile ambavyo havikuharibika. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe pepepe. Meno meupe. Suti nyeusi. Mapazia ya kijani yalikuwa ya kijani yaleyale. Binadamu tu ndio waliogeuka. Halafu sare: upande wetu tulivaa dhahabu, upande wa bwana harusi walivaa buluu ya bahari. Kwenye picha sisi tulikuwa tumevaa buluu ya mbingu, na wao rangi ya kutu iliyokaribia dhahabu. Familia mbili ambazo zilibishana wiki nzima juu ya rangi za vitambaa zilikuwa zimebadilishana sare bila kikao.

Sababu yake ni ya kizee. Dunia karibu nzima hupanga rangi za pikseli kwa utaratibu wa nyekundu, kijani, buluu. OpenCV hupanga buluu, kijani, nyekundu, kwa kuwa ilipozaliwa, watengenezaji wengi wa kamera na programu walikuwa wakipanga hivyo, na baadaye ikawa vigumu kugeuza bila kuvunja kazi za watu. Ukisoma kwa huyu na kuhifadhi kwa yule bila kugeuza, nyekundu na buluu hubadilishana viti. Kijani yuko katikati, hasogei. Nyeupe na nyeusi zina namba zinazolingana pande zote, nazo hazisogei. Ngozi zetu, ambazo nyekundu ndiyo imezidi, ndizo zinazolipa. Dawa ni mstari mmoja wa msimbo. Kumweleza shangazi kulichukua muda mrefu zaidi, na mwisho alisema tu, “Sawa, lakini wenzangu kwenye kikoba wameshaiona.”

Nikaihama OpenCV kwa upande wa picha na kuhamia Pillow moja kwa moja, rangi zisiguswe tena. Rangi zikatulia. Babu akaanguka.

Babu mzaa mama alipigwa picha nzuri sana, ameketi kwenye kiti cha mkono, bakora magotini. Kwenye albamu akatokea amelala ubavu, kiti na bakora na vyote. Simu nyingi hazigeuzi picha unapozishika wima. Huandika pikseli jinsi kihisi cha kamera kilivyolala, halafu huambatanisha kijibarua ndani ya faili: atakayeionesha aigeuze nyuzi 90. Kijibarua hicho huitwa EXIF, na sehemu yake ya mwelekeo ina namba kutoka 1 hadi 8. Programu za kutazamia picha hukisoma na kutii. Pillow hufungua picha kama ilivyo bila kuigeuza, na ukihifadhi upya bila kutaja EXIF, kijibarua kinabaki nyuma. Picha inakwenda duniani imelala na hakuna anayejua kuwa ilitakiwa kusimama. Ipo amri ya kumwinua, exif_transpose, ila niliifahamu baada ya binamu mmoja aliyeko Muscat kutuma ujumbe wa sauti wa masikitiko kuuliza Mzee amelazwa hospitali gani. Watu watatu wakajibu “tumuombee” kabla sijafika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kiti nacho kimelazwa.

Kung'arisha ndiko kulikofuata. Picha zilizopigwa nje, chini ya mwembe, zilikuwa za giza, nikaagiza kila pikseli iongezewe 60. Jambo jepesi, lakini pikseli hukaa kwenye baiti moja, na baiti moja haivuki 255. Ikivuka, NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu majedwali ya namba, haikai kwenye 255. Inazunguka na kuanza upya kutoka sifuri. Palipokuwa na 230 pakawa 290, na 290 ukitoa 256 ni 34, yaani giza totoro. Ina maana sehemu zenye mwanga mkali kuliko zote ndizo zilizozimika. Mjomba wangu ana kipara cha heshima, na siku ile jua lilikuwa limekipata barabara. Programu ilimtoboa tundu jeusi utosini. Hapo inabidi uongeze kwa njia inayojua kikomo, iishie 255 na kunyamaza. Mjomba aliitazama picha, akajipapasa kichwa, akaniambia, “Mjomba, hiyo usiirushe Muscat.”

Kosa la kupunguza ukubwa ndilo pekee lililopokewa kwa vigelegele. Jedwali la NumPy likiulizwa vipimo vyake hujibu kimo kwanza, upana baadaye. Amri ya kupunguza picha ya Pillow hutaka upana kwanza. Ukichukua jibu la mmoja ukampa mwingine, picha iliyolala ya 4 kwa 3 inabanwa isimame, na kila aliyemo anatoka mrefu na mwembamba, karibu nusu ya unene aliokuja nao ukumbini. Keki ya ghorofa tatu ilisimama kama mnara wa simu. Nikarekebisha, nikatuma picha sahihi. Shangazi akapiga tena.

“Mwanangu, zile za jana ziko wapi?”

“Zilikuwa na kosa, shangazi. Hizi ndizo zenyewe.”

“Kosa gani? Zile nilitoka vizuri.”

Nikajaribu kumweleza habari ya kimo na upana. Alinisikiliza kwa subira, halafu akaagiza ile ya jana ichapishwe kubwa na iwekwe fremu. Iko sebuleni kwake. Waliobaki kwenye picha hiyo, ambao wengine ni wembamba tangu kuzaliwa, wanaonekana kama mistari.

Video ni kaburi jingine. Faili la video la dakika moja kwenye simu halikutishi. Linapita kwenye bando na chenji inabaki. Lakini limefungwa kwa kubanwa. Ukilifungua ndani ya programu, kila fremu ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye rangi tatu, inadai baiti 6,220,800. Kwa fremu 25 kila sekunde, sekunde moja inakula megabaiti 155, na dakika moja gigabaiti 9 na ushei. Kompyuta yangu ina memori ya gigabaiti 8. Nilipoiagiza ishike fremu zote kwanza ndipo tuanze kazi, feni ilianza kulia, kishale kikaganda, halafu kimya. Video husomwa fremu moja moja: unaihariri, unaiandika, unaiachia, unachukua nyingine.

Nikafanya hivyo usiku kucha, na alfajiri umeme ukakatika. Faili lilikuwa pale, limejaa gigabaiti zake, na halikufunguka kwa programu yoyote. Video ya MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, faili linapofungwa. Kabla ya hapo unacho kitabu kizima kisichojua ukurasa wa kwanza uko wapi. Nikarudia mchana, kwa jirani mwenye jenereta.

Safari hii ikafunguka, tukakusanyika sebuleni kuitazama. Mama wa bwana harusi akasimama na kipaza sauti kwenye skrini, akafumbua mdomo, akaongea, akalia, akafuta machozi, akaketi. Sauti hakuna. Waimbaji wa taarabu wakapanua vinywa, sauti hakuna. Njia ile ya OpenCV niliyotumia kuandika video hushughulika na picha tu. Sauti ya faili la zamani haihami nazo. Inachukuliwa kando na kuunganishwa kwa FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo ukishaijua amri yake unainakili kwenye daftari na kulificha daftari.

Nikaunganisha. Simu ilikuwa imerekodi fremu 30 kwa sekunde, programu ikaandika 25, ndiyo namba niliyoikuta kwenye mifano yote. Picha za dakika 10 zikanyooka kuwa dakika 12, na sauti ikabaki na dakika zake 10. Mwanzoni huoni tofauti. Kufikia katikati, vicheko vinasikika wakati mshehereshaji bado anakohoa kusafisha koo. Kufikia mwisho ukumbi mzima unaangua kicheko, unapiga meza, unapiga vigelegele, na yeye kwenye skrini ndiyo kwanza anainuka kitini.

Nikampigia mshehereshaji, aliyekuwa ameshapata nakala, kumwambia asiitumie, nitamletea iliyonyooka. Akanikatiza.

“Usiiguse, kaka. Nimeshawatumia wateja wawili. Wanasema hawajawahi kuona MC anayechekesha watu kabla hajafungua mdomo.”